Mzee wa Holi na Maharagwe ya Wasiokuwepo

Mzee wa Holi alikuwa na funguo kumi na moja, na holi yenyewe ilikuwa na milango mitatu tu. Siku moja nilimuuliza hizo nane zingine zinafungua nini. Akaniambia, "Zinangoja milango," akaendelea kufagia.

Usingoje nikuambie alizaliwa wapi na babake alikuwa nani. Sikuwahi kumuuliza. Miaka hiyo kumuuliza mtu ametoka wapi ilikuwa kazi ya polisi, na sisi wa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli pale Nakuru, hatukutaka kufanana nao. Tulimwita Mzee wa Holi hata kabla hajawa mzee, kwa sababu alikuwa na mvi kisogoni na alitembea polepole kama mtu aliyebeba sufuria ya maji moto.

Mimi nilikuwa mhesabu magunia stesheni. Shule niliishia darasa la pili, mwalimu alinichapa nikahamia kazini, na kuandika huku nimejifunza ukubwani, kwa hivyo mkiona nazunguka, vumilieni. Kuhesabu lakini nilijua. Wabebaji wanapita na magunia ya mahindi au pareto, wewe unagusa kila gunia kwa kiganja na kutaja nambari kwa sauti, ili karani aliyekaa mwisho wa bohari aandike. Sauti ifike mwisho wa gari moshi. Na kulikuwa na sheria moja: ukianza rundo, hukomi mpaka rundo liishe. Ukikomea katikati, karani anafuta, wanaume wanarudisha magunia yote mgongoni, na jioni wanakungoja nje ya geti. Nilingojwa mara moja tu. Baada ya hapo, rundo likiwa mbele yangu, mdomo wangu ulienda wenyewe.

Kumbukeni hiyo, kwa sababu ndiyo iliyomfunga Mzee wa Holi.

Alikuwa mtu wa sheria kuliko polisi. Holi ile ya wafanyakazi ilikuwa na mabenchi kumi na moja, na kila Jumamosi aliyapanga kwa uzi, anafunga uzi kwenye msumari wa ukuta huu na ule, benchi likitoka nje kwa upana wa kidole analipiga teke lirudi. Permiti ya gavamenti ilisema watu themanini wasizidi, na wanane wanaenea kila benchi, kwa hivyo benchi moja lilibaki tupu kila mchezo. Mtu mwingine angelitoa nje. Yeye alilipanga na mengine, akalipangusa vumbi kwa kitambaa, na ole wako ulikalie. Nikiwa nimechoka siku moja nimetoka zamu nikajitupa pale, akanishika sikio, mimi mtu mzima mwenye ndevu.

"Benchi tupu nalo limekaliwa," akasema.

Tulidhani anamwekea Diisii, yule mkuu wa wilaya. Kwa watu wa gavamenti alikuwa mwoga kweli. Akimwona mzungu wa mbali, anavua kofia yake ya zamani ya reli na kuishika kifuani kama yuko mazikoni. Lakini huyohuyo mwoga, ukimpandisha jukwaani, hakuogopa Mungu. Aliigiza chifu, akaigiza memsabu anayetafuta kijiko kilichopotea, akaigiza mama mkwe, na alipoigiza mwanamke wanaume walinyamaza, kwa sababu hakubana sauti kama waigizaji wengine. Alibadilisha tu namna ya kuketi. Watu walicheka hadi wakalia, na yeye hakuwahi kucheka. Ukimpongeza anakuuliza kama umeona nani amechafua ukuta.

Michezo mingi ilikuwa ya gavamenti. Chimbeni vyoo. Chemsheni maziwa. Kulikuwa na mmoja wa nzi ambao niliuchoka, tuliuona labda mara sita, na Mzee wa Holi ndiye alikuwa nzi. Mama yangu alisema yule nzi alikuwa na huzuni kuliko wahubiri wote wa Nakuru.

Mama yangu ni mtu wa kuambiwa habari zake. Baba alikuwa mtu wa magharibi, fundi wa breki za mabehewa, akafa mapema. Mama alitoka milimani, Dundori, na watu wake ndio hao waliokuwa wakizolewa kwenye malori wakati wa hali ya hatari. Yeye alibaki kwa sababu ya jina la baba. Kaka yangu mkubwa hakubaki. Alikuwa ameenda Dundori kumsaidia mjomba kuvuna viazi, wiki mbili tu, na lori lilipopita likamchukua na jembe lake. Hilo jembe ndilo lililomsumbua mama. Alisema mtu wa kupigana msituni habebi jembe la kulimia. Tuliandikiwa karatasi moja kwamba yuko kambini kizuizini, haikusema kambi gani, na baada ya hapo kimya. Miaka mitatu. Mama hakulia mbele yetu, lakini alikuwa akipakua chakula, anapakua sahani moja zaidi, anaitazama, anarudisha kwenye sufuria.

Kwa watu wake kuhesabu watu ni mwiko. Huwezi kusema nina watoto wawili, unasema nina hao unaowaona. Sasa yeye hata hilo hakuweza kulisema, kwa sababu mmoja hakuonekana.

Basi, nirudi. Ukafika mwaka ule Waafrika walipoambiwa kwa mara ya kwanza watachagua watu wao waende barazani Nairobi. Si wote. Uwe umesoma, uwe na mali, uwe na kazi ya miaka mingi, na kila kitu kina alama yake, na alama ndizo zinazokupa kura, mpaka tatu. Mwinjilisti wetu alipata kura mbili. Karani mkuu wa bohari alipata tatu, peke yake, na akatembea wiki nzima kama amemeza rula. Mimi sikupata hata moja. Watu wa mama walitakiwa karatasi nyingine tena ya kuonyesha wanaipenda gavamenti. Basi afisa wa ustawi, kijana mzungu mwenye Kiswahili cha jikoni lakini si mtu mbaya, akamwita Mzee wa Holi, akamwambia atengeneze mchezo wa kufundisha namna ya kupiga kura.

Mzee wa Holi akauliza, hawa wengine wasio na kura watafanya nini kwenye huo mchezo.

"Hawa tazama," akasema yule kijana.

Alirudi nalo neno hilo kama mtu aliyekanyaga mwiba. Anafagia, anasimama, anasema peke yake, "Hawa tazama." Siku ya tatu alinikuta mferejini, pale kwenye bomba la maji, akaniuliza, wewe unahesabu magunia mpaka mangapi? Nikamwambia mpaka yaishe. Akasema hiyo ndiyo sauti anayoitaka.

Mchezo wenyewe ulikuwa mdogo. Kijiji kina njaa, ghala limejaa, na mtu mmoja anakaa mlangoni na ufunguo, anakula, anawaambia walio nje kwamba nafaka bado kukomaa. Mzee wa Holi ndiye alikuwa huyo wa mlangoni, na funguo zake kumi na moja shingoni. Mwishoni kijiji kinapiga kura ghala lifunguliwe au lisifunguliwe, na anayetaka lifunguliwe anatia haragwe kwenye debe, mimi niyahesabu kwa sauti. Afisa alikuja kuangalia mazoezi, akaona waigizaji watano wakitia maharagwe matano, akasema mzuri sana, akapiga sahihi kwenye permiti. Watu themanini, Jumamosi, saa tisa alasiri, kwa sababu ya kafyu.

Kitu ambacho hakukiona ni kwamba watakaopiga kura ni holi nzima.

Siku ile Mzee wa Holi alisimama mlangoni na karai, anampa kila anayeingia haragwe moja jekundu. Karani mkuu alinyoosha mkono apewe matatu, kwa utani. Akapewa moja. Akasema yeye gavamenti inamjua kwa tatu. Mzee wa Holi akamwambia hapa ndani anamjua kwa tumbo, na tumbo analo moja. Foleni yote ikacheka, na karani mwenyewe akacheka, lakini nilimwona baadaye akilitazama lile haragwe lake kwa muda mrefu.

Lakini wanawake walikuwa na yao. Sijui nani alianza. Nafikiri ilianzia mferejini, kwa sababu pale ndipo kila kitu kilianzia. Asubuhi ile nilimwona mama akifunga kitu kwenye pembe ya leso, nikamuuliza ni nini. Akanionyesha punje moja ya njahi, yale maharagwe meusi yenye ukingo mweupe ambayo mama aliyejifungua hupikiwa apate nguvu.

"Kaka yako hawezi kuja," akasema. "Nitampelekea."

Nikamwambia mama, ule ni mchezo. Akanijibu kwamba hata barua ya kambini ilikuwa mchezo, na hiyo tuliiamini.

Mchezo ukafika mahali pa kura. Watu wakapanda jukwaani benchi kwa benchi, kwa uzi wake ule, hakuna aliyesukuma. Sijaona kitu kama hicho kanisani. Mfagiaji wa vyoo alitia haragwe lake kwa mikono miwili. Halafu wanawake wakaanza kupita, na mimi niliyesimama kando ya debe nikasikia. Haragwe moja likianguka kwenye debe la bati linasema tik. Mama wa nyumba ya nne alisema tik, tik, tik. Mjane mmoja aliyekuwa akiuza maziwa alifungua leso yake yote na kuikung'uta. Alikuwa akitikisa midomo, na nikajua anataja majina. Mama yangu alitia mawili, jekundu lake na lile jeusi.

Mzee wa Holi alikuwa pale pale kwenye mlango wa ghala lake, anajifanya kula. Aliona. Rangi ilimtoka usoni, na nilidhani ni uigizaji. Akainuka kana kwamba mwenye ghala anakuja kutisha watu, akapita nyuma yangu, akaninong'oneza, na ile haikuwa sauti ya mwenye ghala.

"Ukifika themanini funga mdomo. Sema yamekwisha. Mlangoni kuna askari na permiti mkononi."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilielewa vizuri kabisa, na nataka hilo liandikwe. Baadaye watu walisema kulikuwa na mpelelezi ndani, wakamlaani, wakamshuku mwinjilisti maskini mpaka akahama. Hakukuwa na mpelelezi. Kulikuwa na mimi.

Nikamwaga debe mezani. Nikaanza. Moja. Mbili. Nayasukuma kwa kiganja kama magunia, na sauti ikatoka ile ya bohari. Watu wakaanza kuitikia nyuma yangu, taratibu, kila nambari. Hamsini. Sitini. Lile jeusi nilikuwa nikiliona, lilikuwa upande wa kushoto chini ya mengine, na kila nilipochukua moja lilizidi kubaki wazi. Sabini na tisa. Themanini.

Nikanyamaza.

Mzee wa Holi akanitazama, akafungua mdomo aseme yamekwisha. Na mezani lilikuwa limebaki rundo, na juu ya rundo kaka yangu. Mama yangu alikuwa benchi la pili. Alikuwa akilitazama lile haragwe kama anavyoitazama ile sahani kabla ya kuirudisha.

"Themanini na moja," nikasema.

Nikaliweka kando kwa mkono lile jeusi. Halafu mdomo ukaenda wenyewe, themanini na mbili, themanini na tatu, na watu hawakuitikia tena, ila kila nambari kuna mahali kwenye holi mtu alivuta pumzi. Sikuweza kukomea. Jua la saa kumi liliingia dirishani likaanguka juu ya lile benchi tupu, na naapa, mimi si mtu wa mizimu, niliona watu wakijisogeza kidogo kando, kama njia inavyotolewa mtu apite.

Mia moja na kumi na tatu, na mlango ukafunguliwa. Askari alikuwa amemwita inspekta. Nilikuwa nimeshashika linalofuata, nalo ndilo la mwisho. Nikafunga ngumi.

Inspekta alihesabu watu wa mabenchini kwa kidole, wanaume kwa wanawake, na mama aliinamisha kichwa kile kidole kilipompita. Themanini. Akatazama meza. Akauliza wengine wako wapi.

"Hawapo," akasema Mzee wa Holi.

"Walitokea mlango gani?"

"Hawakutokea, bwana. Ndiyo nasema hawapo."

Waliangalia chini ya jukwaa. Waliangalia chooni. Askari mmoja alipanda darini akashuka na utando wa buibui kwenye kofia, na hakuna aliyecheka. Halafu inspekta akanigeukia mimi, kwa sababu sauti iliyosikika barabarani ilikuwa yangu. Mzee wa Holi akaja mbele. Yule mwoga. Hakuvua kofia. Akasema ameyaongeza yeye mwenyewe kutoka kwenye karai ili mchezo upendeze, na mimi sina habari.

"Huyu ni mtu wa magunia," akasema. "Ukimpa mawe atahesabu mawe."

Wakamchukua vile vile na funguo shingoni. Zililia mpaka kwenye gari.

Akafungwa miaka miwili na nusu. Holi ikapewa mtu mwingine, ambaye aliweka mabenchi ovyo na lile la kumi na moja akalipasua kuni. Mimi niliendelea na magunia, ila sauti ilishuka, karani akawa ananilalamikia. Nyumbani mama hakuniuliza kitu. Mara moja tu, ananipangusa kichwa kwa nguvu kama nilipokuwa mdogo, akasema: ungelirudisha lile haragwe kwenye debe, mwanangu, ningekufa. Halafu akasema: lakini yule mtu ana dada Dundori, na dada huyo naye anapakua sahani. Sikupata usingizi wa maana tangu hapo.

Alipofunguliwa, hakuruhusiwa kurudi mjini. Nikasikia yuko kwa huyo dada, juu kule. Mwisho wa mwaka wa hamsini na tisa nikapanda lori la viazi nikaenda. Kulikuwa na ukungu mpaka mchana. Nilimkuta nje ya nyumba amekaa kwenye benchi la ubao alilojitengenezea, refu kupita kiasi, la watu wanane, mbele ya nyumba ya mtu mmoja na dada yake. Mvi zilikuwa zimeshuka zikafika kwenye nyusi. Shingoni hakukuwa na kitu. Dada yake alikuwa amenionya njiani kwamba hafungi mlango, hata usiku, na kwamba hataki kula maharagwe, kwa sababu kule kambini walikuwa wakipewa kila siku na kila sahani alianza kuhesabu akashindwa kula.

Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Nakuru. Nikamwambia ni mimi. Nilisikia ulichoniambia, nikaendelea kwa kutaka.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nyuma yako."

Nikasema naomba msamaha. Akasema meno yake manne yalibaki kule kambini, basi niyaombe na hayo msamaha. Hakusema kwa ukali. Tukakaa. Ukungu ulikuwa ukipita mbele yetu kama watu wenye haraka ya kufika mahali.

Halafu akaniambia habari ya kambi. Kwamba usiku wa kwanza wafungwa walimuuliza amefungwa kwa nini, akawaeleza, na hawakucheka. Mmoja akauliza, mama yangu alikuwepo? Anatoka landi ya juu, ana kovu hapa. Akamwambia alikuwepo. Yule akauliza, basi mimi nilikuwa nambari ngapi? Na Mzee wa Holi, ambaye maisha yake yote hakuongopa nje ya jukwaa, akampa nambari. Kesho yake wakaja wengine. Akawagawia zote, kutoka themanini na mbili mpaka mia na kumi na tatu.

"Themanini na moja sikuigawa," akasema. "Hiyo nilikuwa naijua mwenyewe. Niliona ulivyoiweka kando."

Nikamuuliza kama alimwona kaka yangu.

"Nilimkuta kambi ya pili. Walikuwa wakichimba mfereji. Tumbo lilikuwa limemshika, alikuwa amebaki macho. Nikamwambia wewe ni themanini na moja. Akauliza, nani alihesabu? Nikasema ndugu yako. Akauliza, alihesabu kwa sauti? Nikamwambia ilifika barabarani." Akapangusa benchi kwa kiganja. "Hakumaliza wiki. Kamwambie mama yako. Mimi sikuweza kuandika, na wakubwa wa kambi hawaandiki."

Nikakumbuka nilichokuja nacho. Nilitoa kitambaa mfukoni, nikakifungua, nikamwonyesha lile haragwe ambalo lilikuwa kwenye ngumi yangu siku ile. Jekundu, limesinyaa. Nikamwambia hili halikutajwa, na sijui ni la nani.

Aliliangalia bila kuligusa. Akasema kuna mtu mmoja kule, kijana wa Keringet, aliyekuja mwisho, na nambari zilikuwa zimekwisha. Alimwambia angoje.

"Alitoka?" nikauliza.

"Bado anangoja."

Halafu akasimama, akajinyoosha koti kama anaingia jukwaani, akaniambia, "Taja. Sauti ya bohari."

Sikuwa nimetoa sauti ile tangu siku ile. Ilitoka na kutu. "Mia moja na kumi na nne," nikasema, na ikaenda kwenye ukungu, ikashuka bondeni upande wa Nakuru, na mbwa wa nyumba ya chini akabweka mara moja akaacha.

Dada yake akauliza kutoka jikoni ni wageni wangapi hao tunaowaita, aongeze viazi.

Mzee wa Holi akarudi kwenye benchi lake refu, akasogea mpaka mwisho kabisa, akanifanyia ishara nami nisogee karibu naye, nafasi ibaki.